Gamelan ya Bali si shaba peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nitoe maoni kuhusu makala ya gamelan ya Bali, yaani muziki wa makundi ya ala za kugonga, iliyochapishwa hivi karibuni. Mwandishi alizieleza vizuri ala za shaba nyeusi, yaani upatu na marimba zinazopigwa katika mahekalu ya kisiwa hicho cha Indonesia, lakini ala za mianzi alizipa sentensi moja tu, akizitaja kuwa ni kiburudisho cha wageni hotelini. Ni kweli kwamba rindik, marimba ndogo za mianzi ambazo kwa kawaida hupigwa na watu wawili pamoja na filimbi, husikika sana katika kumbi za mapokezi. Hata hivyo, kuupima muziki wote wa mianzi kwa kipimo cha rindik ya hotelini ni kuwafuta wanavijiji walioutunga, wanaouchonga na wanaoupiga hadi leo.

Laiti mwandishi angefika wilaya ya Jembrana, magharibi mwa kisiwa, mbali na fukwe za Kuta zinazojaa watalii, angekutana na jegog, kundi la ala kubwa za mianzi. Wenyeji husimulia kwamba ilibuniwa mwaka 1912 na msanii aitwaye Kiyang Geliduh. Ala kubwa kuliko zote, ambayo kundi zima limechukua jina lake, ina mapande ya mwanzi mnene wa petung yanayoweza kufikia urefu wa mita 3. Wapigaji wake wawili hukaa juu ya ala yenyewe, wakaiinamia na kuigonga kwa virungu vizito, na mngurumo unaotoka humo msikilizaji aliye karibu huuhisi kifuani. Ngazi ya sauti zake ina sauti nne tu, tofauti na zile za sauti tano zilizozoeleka katika gamelan nyingi za Bali, na uchache huo haujawapunguzia wapigaji kazi hata kidogo. Wimbo mmoja hugawanywa kati ya wawili, huyu akijaza mapengo anayoyaacha yule, kwa kasi ambayo mikono ya mtu mmoja isingeweza kuimudu. Ndiyo maana mpigaji hodari asiye na mwenzake hana wimbo wa kupiga.

Kilele cha yote ni mebarung, ambapo makundi mawili au zaidi huwekwa uwanja mmoja na kupiga kwa wakati mmoja, kila kundi likishikilia mdundo wake huku likijitahidi kuuvuruga wa wapinzani. Anayepotezwa mdundo hujulikana papo hapo, naye hahitaji kuambiwa. (Wapenda muziki wa upole wakae mbali kidogo.) Sijapata kusikia rekodi yoyote inayoutendea haki mpambano huo, kwa sababu kipaza sauti huchanganya kile ambacho sikio la mtu aliyesimama katikati ya makundi huweza kukitenganisha.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Watu wengi hudhani kwamba mwanzi ni mbadala wa wale wasioweza kununua shaba, na sikatai kwamba gharama ina nafasi yake. Lakini seti ya shaba nyeusi ikishafuliwa huweza kupita vizazi, ikafungiwa ghalani na kutolewa tena ikiwa bado inalia. Mwanzi haukubali kutelekezwa namna hiyo. Hupasuka, huliwa na wadudu, na sauti yake huyumba kadiri joto na unyevu vinavyobadilika. Lazima awepo mtu anayejua kuchagua petung iliyokomaa, kuikausha bila haraka, na kuichonga kidogo kidogo huku akisikiliza, kwa kuwa ukipunguza kupita kiasi pande hilo haliponi. Kijiji kinachotaka kubaki na jegog hakina budi kubaki na mafundi, na kubaki na vichaka vya mianzi. Makala inayomsahau fundi huyo imesahau nusu ya muziki wenyewe.

Wapo waliolielewa jambo hili mapema. I Ketut Suwentra, ambaye wengi walimwita Pekak Jegog, yaani Babu Jegog, aliliongoza kundi la Suar Agung la kijiji cha Sangkaragung hadi likapiga nje ya nchi, Japani ikiwamo, na nadhani bila juhudi zake jegog ingesikika kwa uchache sana leo. UNESCO nayo iliiingiza gamelan ya Indonesia katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2015, ngoma za Bali zilizoorodheshwa zilijumuisha joged bumbung, ambayo huchezwa kwa ala za mianzi na ambamo mchezaji wa kike humwalika mtazamaji ajiunge naye. Joged hiyo imepakwa matope na maonyesho machafu ambayo viongozi wa mkoa wamelazimika kuyakemea, na labda aibu hiyo ndiyo iliyowafanya baadhi ya waandishi waikwepe mianzi kabisa. Wangeweza basi kuangalia gambang, marimba za mianzi zinazopigwa kwa nyundo zenye panda katika ibada za kuchoma maiti. Huko hakuna mtalii anayeburudishwa.

Ninaomba, Mhariri, makala itakayofuata ieleze wapigaji wa Jembrana ni akina nani wanaposhuka kutoka juu ya ala zao: wakulima, wavuvi na watu wa kazi nyingine za kawaida, wanaofanya mazoezi usiku katika vikundi vya vitongoji vyao. Ieleze pia nani anawachongea ala na mianzi wanaikata wapi. Na picha itakayochapishwa isiwe tena ya ukumbi wa hoteli.

Wako katika kupenda muziki,
Msomaji wa ukurasa wa utamaduni