Madaftari ya makao ya watoto yahifadhiwe

Mhariri,

Makao ya watoto ya makanisa yana historia ndefu hapa Uganda kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mama Kevin, mtawa Mkatoliki kutoka Ireland, alifika Nsambya, Kampala, mwaka 1903 pamoja na masista wenzake Wafransisko, na mwaka 1923 akaanzisha shirika la masista Waafrika kule Nkokonjeru. Makao ya Sanyu, Kampala, yalianza mwaka 1929, wakati ambapo kichanga aliyefiwa na mama hakuwa na uhakika wa kupata maziwa. Waliowapokea watoto hao waliokoa maisha, na ninawashukuru kwa dhati.

Hata hivyo, kuokolewa si sawa na kujua ulikotoka. Mimi nililelewa katika makao ambayo sitayataja. Niliporudi nikiwa mtu mzima, nilioneshwa daftari kubwa ambalo kurasa zake zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni. Katika mstari wangu palisalia jina la ubatizo, tarehe ya kupokewa, na mahali pa kijiji nusu ya neno tu. Nimelibeba nusu neno hilo hadi leo, nikiwauliza wazee wa pande mbalimbali.

Kanuni za mwaka 2013 kuhusu makao yaliyoidhinishwa zipo, lakini madaftari ya kale yaliandikwa miaka mingi kabla yake. Naziomba dayosisi na majimbo ya makanisa, kwa kushirikiana na wizara husika, zipige picha kila ukurasa uliosalia kabla ya msimu ujao wa mvua, na zituruhusu tuliolelewa humo kuisoma mistari yetu.

Msomaji wako,
Jinja