Barua ya wazi kwa Afisa Kazi Mfawidhi, Mkoa wa Tanga: tokeni ofisini Jumamosi usiku

Ndugu Afisa Kazi,

Assalaam aleikum, na pole na majukumu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu wafanyakazi wa maduka wanaohusika na barua hii hawawezi kufika ofisini kwako. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, na muda huo karibu wote wao wako kazini. Ukishafunga mlango wako, wao bado wana zaidi ya saa nne za kusimama. Jumamosi wako kazini. Jumapili mpaka saa 7 mchana wako kazini. Mtu wa namna hiyo atakuletea malalamiko yake lini?

Mimi ni katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha kina mama hapa Makorora, na haya nayaona kila ninapofungua daftari la mahudhurio. Wanaolipa faini za kuchelewa kuliko wote ni wale walioajiriwa kwenye maduka ya nguo na vyombo kule Ngamiani. Kikao kilikuwa Jumamosi jioni, wakawa wanatuma hisa zao kwa watoto. Tukakihamishia Jumapili alasiri. Sasa wanafika, lakini wanasinzia ukutani huku nguo za wiki nzima zinawasubiri nyumbani kufuliwa.

Hesabu zao ni hizi. Duka linafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, siku sita, na Jumapili saa tano. Jumla ni saa 77 kwa wiki. Toa hata saa moja ya chakula kila siku, ambayo wengi hawaipati kwa sababu wanakula kwa zamu nyuma ya kaunta, bado ni saa 70. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, tisa kwa siku, siku zisizidi sita. Zikizidi hapo ni saa za ziada: mfanyakazi awe amekubali, alipwe mara moja na nusu ya mshahara wa saa, na zisivuke 50 katika wiki nne. Hiyo nusu siku ya Jumapili nayo haitoshi. Sheria inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kutoka saa 7 mchana mpaka saa 2 asubuhi ya Jumatatu ni saa 19 tu.

Mmoja wa wanachama wetu ananyonyesha. Mchana bibi wa mtoto anapanda bajaji na kumpeleka dukani, na mama ananyonyesha huko stoo, amekaa juu ya robota la mitumba kwa sababu kiti kilichopo ni kimoja tu na ni cha mwenye duka. Mtoto hajashiba, mama ameshaitwa aje apime kitenge. Sheria hiyohiyo inampa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Nilipomwambia alinitazama kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Mwajiri anatakiwa kubandika tamko la haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Kwenye maduka ninayoingia mimi nimeona leseni ya biashara na kalenda. Tamko hilo sijaliona.

Nije nyumbani kwangu. Mume wangu ni mlinzi. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa ninachokieleza hakiko kwenye kampuni moja. Anaingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, na muda wake umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari la matukio pale getini. Wa kumpokea asipofika, anapiga dabo, yaani anaunganisha mpaka jioni. Wiki zisizo na ofu, siku ya kupumzika, ni za kawaida kwao. Ukijumlisha saa 45 za wiki nne na zile 50 za ziada unapata 230. Mlinzi asiye na ofu anafanya 336 katika wiki hizo nne. Hata ukimpa ofu moja kila wiki, bado anafika 288. Wapo watakaosema saa ya mapumziko haihesabiwi. Mlinzi huyu haruhusiwi kutoka getini hata kununua andazi, na sheria inasema anayetakiwa kuwa tayari kwa kazi wakati wa mapumziko alipwe muda huo. Kuhusu ile asilimia 5 ya nyongeza kwa kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, kwenye karatasi ya mshahara wake sijawahi kuiona.

Hitma ya mama yake, kule Pangani, ilisomwa yeye akiwa lindoni. Aliomba ruhusa, akaambiwa kama hutaki kazi acha, walio nje wanaisubiri. Nasema haya kwa uchungu, kwa maana sisi watu wa pwani tunajuana kwenye mazishi, hitma na harusi. Mtu asiyeonekana huko mwaka mzima, siku yake ikifika atazikwa na nani?

Na mji huu haukuanza leo kujua mipaka ya kazi. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, chini ya mkoloni. Wazee wetu waliokata mkonge walifanya kazi ngumu kwa malipo madogo, sitaki kuipamba, lakini mkata alipewa idadi ya mafungu yake, na akishayamaliza siku yake imekwisha, anakwenda kwenye shamba lake. Muuza duka hana fungu la mwisho.

Najua wenye maduka watasema nataka wafunge mapema wapoteze wateja wa jioni. Duka liwe wazi hata mpaka saa 4 usiku, ila waingie watu wa zamu mbili. Mwenye kudai ana makubaliano ya saa 12 kwa siku, sheria inayaruhusu, lakini yawe ya maandishi na siku zisizidi tano kwa wiki. Mwambie akuonyeshe hiyo karatasi.

Sikuombi sheria mpya. Sheria ya Taasisi za Kazi imekupa uwezo wa kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya utekelezaji. Ninachokuomba ni saa ya kuutumia uwezo huo. Ukaguzi wa Jumanne saa 4 asubuhi hauwezi kumkuta mtu akiwa kwenye saa yake ya 12. Tokeni Jumamosi baada ya Magharibi, mpite barabara za Ngamiani duka kwa duka, kisha mpite kwenye mageti ya maghala na mfungue madaftari ya matukio. Na mfungue ofisi Jumapili moja kila mwezi, alasiri. Anayeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi zinawapita kabla hawajajua waanzie wapi.

Kama ofisi haiwezi kufunguliwa Jumapili, sisi tunakutana siku hiyo saa 10 jioni hapa Makorora, na mjumbe wa mtaa anapajua. Majina ya wenzangu siyaandiki hapa, kwa kuwa watafukuzwa kesho yake. Ukija watayataja wenyewe. Tafadhali njoo na fomu za malalamiko za kutosha.

Wako,
Katibu wa kikoba,
Makorora, Tanga