Picha ya ndege waliotimuliwa si ya kusifiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala ya safari mliyochapisha, ile ya visiwa vya pwani mwishoni mwa kiangazi cha kaskazini. Mwandishi anajua kueleza mandhari, hilo simnyimi. Yaliyonikwaza ni mawili. Kwanza, ile sentensi kwamba ikifika Agosti ndege "wamekwisha" na msafiri anabaki na bahari na jua tu. Pili, ile picha iliyotanda kurasa mbili, maelfu ya ndege wa ufukweni wakiruka kwa mpigo, na maelezo chini yake kwamba mpiga picha "alibahatika".

Itazameni tena hiyo picha. Maji yamejaa, mchanga uliobaki ni ukanda mwembamba tu, na kwenye kona ya chini kuna nyayo za mtu zinazokwenda moja kwa moja mpaka pale kundi lilipokuwa limetua. Hiyo mnayoiita bahati ilikuja kwa miguu.

Nianze na hilo la ndege kwisha, maana ndilo linalozaa la pili. Mtu akiamini msimu umepita, ndege anaowakuta ufukweni atawaona kama mabaki tu, viumbe visivyo na shughuli, na kuwatimua hakutamsumbua moyo. Ukweli ni kwamba Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo visiwa vya kaskazini vinajaa. Kiangazi cha Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, ni kifupi mno. Ndege wanaotaga huko wanaanza kurudi kusini mapema, wengine tangu Julai. Mchukulie chokowe, ndege mdogo wa ufukweni, yule mwenye mdomo uliopinda, anayezaliana Siberia. Dume hahusiki na malezi, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuondoka. Majike wanafuata. Makinda wanakuja mwisho, Agosti na Septemba, wakiwa na umri wa wiki chache, bila mzazi wala mwenyeji wa kuwaonyesha njia, na wengi wao wanashuka mpaka pwani za Afrika.

Kwa anayependa kutazama kwa makini, hapo ndipo utamu ulipo. Mkubwa na kinda wanasimama bega kwa bega na hawafanani. Mkubwa amechakaa: manyoya ya mgongoni yamelika ncha, na kifuani kumebaki mabaka ya wekundu wa msimu wa kuzaliana, moja huku, jingine kule. Kinda ni nadhifu. Kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe, na yote yamepangana kama magamba ya samaki. Wajuzi wa miaka mingi hubishana juu ya ndege hawa mpaka jua linazama, na ni ubishi mtamu kuliko ule wa mpira.

Kisha kuna swali la kwa nini visiwa. Wengi hudhani ndege hutua kisiwani kwa kuwa kuna utulivu, na kwa sehemu ni kweli, kwani visiwa vingi vidogo havina mbweha. Lakini kinachowaleta hasa ni tope linaloachwa wazi maji yakipwa. Mfano ninaoujua zaidi ni Bahari ya Wadden, inayopakana na Uholanzi, Ujerumani na Denmark, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009 na kuiongezea upande wa Denmark mwaka 2014. Ndege kati ya milioni 10 na 12 huitumia kila mwaka. Maji yakitoka, wanatawanyika kwenye matope wakila chaza wadogo, minyoo na kaa. Maji yakirudi, meza inafunikwa, na wote wanasukumwa kwenye vipande vichache vya mchanga mkavu wangoje. Griend, kisiwa kidogo cha Uholanzi, ni mojawapo ya mahali hapo pa kungojea, na watu hawaruhusiwi kutua. Sababu yake ndiyo ninayotaka wasomaji wako waielewe.

Ndege anayengoja maji yapwe yumo kazini. Anasaga alichokula na kukigeuza mafuta ya safari. Wapo chokowe ambao humeza chaza mzima na gamba lake, kisha firigisi ndiyo inayovunja gamba. Ikikaribia siku ya kuondoka, firigisi hiyo hiyo husinyaa na misuli ya kifua inanenepa, kwa sababu angani hakuna chaza wa kuvunja na kila gramu ina bei yake. Kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, kuna chokowe wadogo wanaofika mwishoni mwa Julai na Agosti wakiwa na uzito wa gramu 20 hivi. Wanakula vijidudu vya topeni mpaka uzito unakaribia kuwa maradufu, ndipo wanaruka juu ya Atlantiki mpaka Amerika ya Kusini bila kutua. Na mwaka 2022 kinda mmoja wa jamii hiyo hiyo kubwa, mwenye mdomo mrefu uliobinuka kidogo juu, aliondoka Alaska akiwa na kifaa cha setilaiti mgongoni. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi. Alitua kisiwa cha Tasmania, Australia, baada ya siku 11 na kilomita zipatazo 13,560, bila kula, bila kunywa, bila kugusa chini.

Sasa mtimue ndege wa namna hiyo ili upate picha.

Najua jibu la haraka: "Si wanarudi baada ya dakika moja?" Wanarudi, ndiyo, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda, maji yamejaa kila upande. Kuruka kunakula nguvu mara kadhaa zaidi ya kutulia, na mafuta yanayoungua hapo ndiyo yaliyowekwa akiba kwa ajili ya bahari. Mpiga picha mmoja hawamalizi. Lakini nyuma yake anakuja mwenye mbwa asiyefungwa, halafu mwenye tiara, halafu watoto wanaofurahia kuona kundi likiinuka, halafu mpiga picha wa pili aliyeona picha ya wa kwanza gazetini. Kujaa kwa maji mara moja kunaweza kuwapa saa mbili tatu tu za kupumzika, na zote zikaishia angani. Kozi, yule ndege mwindaji, naye huwatimua, hilo silikatai, ila kozi anatafuta mlo na akishashika mmoja anaondoka zake.

Kuwaona bila kuwasumbua wala si kazi ngumu, na ningependa makala yenu ijayo iseme hivyo. Jambo la kwanza la kubeba ni jedwali la maji kujaa na kupwa, darubini baadaye. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Alhamisi. Fika muda wa saa mbili au tatu kabla maji hayajajaa, wakati ndege bado wako mbali topeni. Kaa chini, jua likiwa mgongoni mwako, nyuma ya kichuguu cha mchanga au majani. Usiende kwao. Maji yenyewe yatawaleta, hatua kwa hatua, mpaka utasikia sauti za midomo ikichokoa tope. Wakishatua, nawe tulia mpaka maji yaanze kutoka na wao waanze kutawanyika. Anayeinuka katikati ya mapumziko yao ameharibu kila alichokingojea.

Dalili za kwamba umesogea mno zinaonekana mapema, kabla hata bawa moja halijafunguka. Waliokuwa wamelala wanainua vichwa. Waliokuwa wakisafisha manyoya wanaacha. Kundi zima linaanza kutembea kukupa mgongo. Hapo rudi nyuma taratibu, bila kusubiri waruke ndipo ujute.

Sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, nao wanahitaji heshima hiyo hiyo, na hili nalipitia haraka kwa kuwa linajulikana zaidi. Sili wa kawaida wa pwani za Ulaya hubadili manyoya yao Agosti, na wakati huo hulala mchangani muda mrefu kuliko kawaida. Mashua inayowasogelea mpaka wote wajitupe majini haijawaonyesha abiria wake sili, imewaonyesha hofu.

Na kama mwandishi wenu bado anashikilia kwamba mwisho wa kiangazi hauna kitu, aende visiwa vya Ugiriki. Kuna kozi mwembamba, mwenye mabawa marefu, aitwaye kozi wa Eleonora, kwa jina la mtawala wa Sardinia wa karne ya 14 ambaye sheria zake ziliwalinda kozi. Huyu amegeuza kalenda. Ndege wengine wa huko wanapokuwa wamemaliza kulea, yeye ndiyo kwanza anataga, mwishoni mwa Julai, kwenye majabali ya visiwa vidogo. Makinda wake wanaanguliwa karibu na mwisho wa Agosti, na hapo wale ndege wadogo wahamiaji waliochoka wanaanza kuvuka bahari kwa makundi. Kozi wanasimama hewani juu ya bahari, wakikabili upepo, wanangoja kuwakamata wawalishe makinda wao. Makinda wakishakua, kozi hawa wanaelekea Madagaska. Ni ukatili ukimhurumia mdogo, ni hesabu ya ajabu ukimtazama mkubwa, nami nimeshindwa kuchagua upande. Huyo naye ana udhaifu wake: akifukuzwa kiotini wakati wa jua kali, mayai na makinda wanaungua juani. Boti zinazotia nanga chini ya majabali hayo mwezi Agosti, watu wakipanda kuoga na kupiga picha, zinafanya kosa lile lile la kwenye ukurasa wenu.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Msichapishe tena picha ya kundi lililotimuliwa mkaiita bahati. Mkiletewa picha ya namna hiyo, mwulizeni aliyeipiga alikuwa umbali gani, na nini kilichowarusha ndege. Mwenye jibu zuri atalitoa mara moja, nanyi liandikeni pale chini ya picha, wasomaji wajifunze kwake. Asiye na jibu, picha yake irudishwe. Na kila mnapomshauri msomaji aende kisiwani, ongezeni mstari mmoja: aangalie saa za maji kujaa, na mbwa abaki kwenye kamba. Mbona bei ya hoteli huwa hamuisahau?

Ni mimi,
Msomaji wenu wa siku nyingi na mtazamaji wa ndege