Mwaliko ni wa bosi, mguu wa breki ni wa dereva

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie zile siku ambazo kampuni za magari ya kifahari huwaalika wateja waje kuyaendesha wenyewe. Mandhari yake inajulikana: hema jeupe, chai na sambusa, magari yaliyong'arishwa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu kwenye boneti, na mkufunzi mwenye redio mkononi. Hatuna ugomvi na siku hizo. Ugomvi wetu ni na orodha ya wageni.

Kadi hutumwa kwa mwenye gari. Lakini hapa Kampala mwenye gari la namna hiyo mara nyingi hukaa kiti cha nyuma akisoma simu. Anayelipeleka Entebbe alfajiri na kulirudisha usiku wa mvua ni dereva wake. Siku ya mafunzo bosi hupiga breki mara 2 au 3, hupiga picha, kisha huenda kula. Dereva yuko chini ya mwembe na soda yake, analinda gari walilokuja nalo. Jumatatu ni yeye atakayekatiziwa na boda boda pale Jinja Road, na alichofundishwa bosi hakitamsaidia.

BMW ilianza kuwafundisha madereva tangu mwaka 1977, na kampuni nyingine kubwa zikafuata. Kinachofundishwa si mbio. Ni nini gari hufanya linapofika ukingoni mwa uwezo wake, jambo ambalo dereva wa kawaida hulijua mara moja tu maishani, na kwa kuchelewa.

Somo la kwanza hufanyika gari limesimama, nalo ndilo wageni hulipuuza. Ni kiti. Sukuma makalio mpaka yaguse pembe ya ndani ya kiti, kisha kanyaga breki mpaka mwisho: goti libaki limekunjika. Likinyooka, siku ya hatari utapungukiwa na nguvu ya mwisho, na mgongano ukitokea pigo litapanda na mguu hadi nyonga. Egemeza mabega, nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono, si vidole, ndicho kiguse ukingo wa juu. Kutoka kifuani hadi katikati ya usukani pawe na sentimita 25 au zaidi, kwa sababu mfuko wa hewa hufumuka kabla hujapepesa jicho. Kiegemeo cha kichwa kifike usawa wa utosi. Mkono wa kushoto ushike palipo na 9 kwenye uso wa saa, wa kulia palipo na 3. Ule mtindo wa kulaza kiti kama kitanda na kuendesha kwa mkono mmoja, ambao wengi huuhesabu kuwa ndio ustadi, utafutwa ndani ya dakika 2.

Viatu viwe na soli nyembamba na bapa. Kandambili, gumbuti na visigino virefu viachwe nyumbani. Gomesi, gauni refu la wanawake wa Uganda, ni vazi la heshima, lakini mshipi wake na upana wa pindo lake havipatani na pedali. Mama aliyealikwa afungashe suruali.

Breki ndiyo siku yenyewe. Koni hupangwa mistari miwili, dereva hufikisha kilomita 60 kwa saa, na akifika kwenye lango la koni hukanyaga breki kwa nguvu zote, kama mtu anayeponda nge, bila kuachia mpaka gari lisimame kabisa. Hapo ndipo watu huumbuka. Pedali hutetemeka, hugonga unyayo, na chini hutoka sauti ya kukwaruza. Hiyo ni ABS, mfumo wa breki unaoachia na kushika tena kila gurudumu, mara nyingi kwa sekunde moja, ili lisigande, yaani lisiache kuzunguka gari likiwa bado linakwenda. Mercedes-Benz iliiweka kwenye gari lake la kifahari la S-Class mwaka 1978 ikishirikiana na Bosch, lakini mpaka leo dereva anayekutana nayo mara ya kwanza hudhani kitu kimevunjika, na huinua mguu. Akiinua, mita za thamani zimekwenda. Wengine hupampu, yaani hukanyaga na kuachia mara kwa mara, desturi waliyoirithi kwenye pikapu za zamani zilizokuwa zinagandisha magurudumu. Kwenye gari lenye ABS kupampu ni kujipunguzia breki kwa mguu wako mwenyewe. Kosa la tatu halionekani kirahisi: mtu hukanyaga haraka lakini si kwa nguvu. Mercedes-Benz hiyo hiyo, mwaka 1996, ililazimika kuleta mfumo unaokamilisha breki wenyewe ukihisi pedali imekanyagwa ghafla.

Hesabu zake kila dereva wa bosi angepaswa kuwa nazo kichwani. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, breki zikishashika, gari lililokuwa na kasi ya 60 husimama ndani ya mita 16 hivi; la 80, mita 28; la 100, mita 43. Bado hujaongeza muda wa kushtuka: kwa kasi ya 100, ambayo ndiyo kikomo cha ile barabara ya kulipia ya Entebbe, gari hula mita 28 kila sekunde. Tena magari mawili yakiwa sambamba, moja kwa 60 na jingine kwa 80, yakapiga breki sawa kwa wakati mmoja, pale la kwanza linaposimama la pili bado linakwenda kilomita 53 kwa saa. Mkufunzi mzuri huonyesha hivyo kwa macho: huacha koni moja nyekundu mahali gari la 60 liliposimama, kisha humrudisha mtu huyo huyo kwa 80. Ile koni inavyorushwa inafundisha kuliko hotuba.

Hapa kuna dhana moja inayotuudhi, kwamba gari linalovuta kwa magurudumu manne liko salama zaidi kwenye mvua. Kuvuta kwa manne husaidia kuondoka; hakusaidii kusimama. Breki ziko kwenye magurudumu manne hata kwa Toyota Premio iliyotumika Japani, na gari kubwa la kifahari linakaribia tani 2 na nusu. Mvua ikinyesha kwenye Msitu wa Mabira, lami ikiwa na tope la malori ya miwa, kinachokushika barabarani ni viganja vinne vya mpira, pale tairi zinapogusa lami, basi. Kabla ya zamu yako tazama kibandiko cha kiwango cha upepo wa tairi kwenye nguzo ya mlango wa dereva na uulize kama upepo umepimwa tairi zikiwa baridi.

Zoezi la kukwepa hufuata: kasi ile ile, lakini mbele pamewekwa ukuta wa koni, na unatakiwa ukanyage breki mpaka mwisho huku ukigeuza usukani. ABS ilitengenezwa kwa hili hasa, maana gurudumu lililoganda halipokei amri ya usukani. Wanaoshindwa wengi hawashindwi na mikono, wanashindwa na macho. Ukitazama koni utaigonga. Tazama pengo unalotaka kupita. Pua ya gari ikikataa kukata kona, usizidishe usukani, upunguze kidogo na uondoe mguu kwenye mafuta mpaka tairi za mbele zishike tena. Mkia ukitoka, tazama uendako na mikono itafuata.

Tunalowaomba waandaaji zaidi ya yote ni changarawe, yaani murram yetu. Siku nyingi za aina hii huishia kwenye lami safi, na mgeni anaondoka akiamini breki za asubuhi ndizo atakazozipata akishaiacha lami ya Mbarara kuelekea shambani. Sivyo. Kwenye kokoto zilizolegea gurudumu lililoganda huchimba na kujikusanyia kabari ya udongo mbele yake, na kabari hiyo ndiyo husaidia kusimamisha. ABS hainyimi usukani, lakini hulizuia gurudumu lisichimbe, hivyo umbali hurefuka. Ndiyo maana baadhi ya magari haya yana kitufe cha kuchagua aina ya ardhi. Land Rover ilianza na mfumo huo mwaka 2004, nao hubadilisha jinsi mafuta, gia na udhibiti wa kuteleza vinavyofanya kazi. Kitufe kisichojulikana na dereva ni pambo la dashibodi.

Kwenye mteremko mkali wenye matope, mfumo wa kushuka polepole ukishawashwa, miguu yote miwili iwe mbali na pedali. Kwa dereva mzoefu hili ni gumu kuliko breki ya dharura. Mguu wake utatamani kukanyaga, na mkufunzi atausema. Gari likishindwa kupanda, usijaribu kuligeuza mlimani: shika breki, weka rivasi, rudi kwa mstari ulionyooka kwa njia uliyopandia. Vidole gumba viwe nje ya mikono ya usukani, jiwe likipiga gurudumu usukani unaweza kujizungusha.

Kuhusu maji tuseme kwa tahadhari. Land Rover Defender yenye springi za hewa imepewa kina cha maji cha milimita 900, na kwenye dimbwi la mafunzo lenye sakafu ya zege hupita kama bata. Mafuriko ya Bwaise, mtaa wa hapa Kampala, hayana sakafu ya zege, yana mtaro ulio wazi usioonekana. Kina kilichoandikwa kwenye karatasi ni cha maji yaliyopimwa kwa fimbo, yakaingiwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama katikati. Ukitoka, gusa breki kidogo kidogo ili pedi zikauke.

Msidanganywe pia na nambari za kasi zilizochapwa kwenye kijitabu. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Yenye turbo haitaona tofauti kubwa.

Kabla ya funguo kuna karatasi. Leseni iwe halisi na isiwe imekwisha muda, na pumzi itapimwa, kwa hiyo jana yake mtu alale mapema. Ile hati ya kukubali hatari isomwe mpaka chini, mahali panapotaja kiasi ambacho mwendeshaji atalipa mwenyewe gari likiharibika kabla ya bima kuingia. Bima ya lazima ya mtu wa tatu hailipi gari unaloliendesha. Bosi akimtuma dereva wake, kiasi hicho kiandikwe kwa jina la bosi, wala si la kijana anayelipwa mshahara wa mwezi.

Baada ya breki nyingi, zungusha gari polepole dakika kadhaa ili diski zipoe, na usiivute breki ya mkono zikiwa bado moto. Pedi huacha alama kwenye diski, na usukani hutetemeka kila unapopiga breki baadaye. Kama gari la nyumbani nalo lilishiriki, fundi aangalie mafuta ya breki. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini hunywa unyevu wa hewa, na ikishanywa hadi kiasi kinachotumika kwenye vipimo, kinachotakiwa ni isichemke chini ya nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mapovu, pedali inazama kama godoro. Yabadilishwe kila miaka 2 hata kama rangi yake bado inapendeza.

Tunawaomba basi wenye magari, kadi ikija, mjibu kwa majina mawili. Na waandaaji, kwa kuwa Katiba ya Uganda ilikwisha kuifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na kwa kuwa madereva wengi wanakitumia kazini, mkufunzi afundishwe maneno ya redioni. Hayafiki kumi: kanyaga, shikilia, achia, tazama mbali, geuza, nyoosha, simama.

Sisi,
Walimu wa udereva na mafundi wa magari,
Kampala