Grafu za mwendo, Jumamosi

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana palepale Kondele. Bebeni karatasi za grafu na rula.

Wengi mlikwama swali la boda boda, lile la kusoma mwendo wa pikipiki kutoka kwenye grafu. Kwenye grafu ya mahali na wakati, mstari uliolala maana yake pikipiki imesimama. Mstari huohuo kwenye grafu ya velositi (yaani mwendo pamoja na upande unakoelekea), usipokuwa kwenye sifuri, pikipiki inakwenda, ila haiongezi wala haipunguzi mwendo. Angalieni mhimili wa wima kwanza, jamani! Mwinamo wa grafu ya mahali ndio velositi. Eneo chini ya grafu ya velositi ndio umbali uliosogea: mita 10 kwa sekunde, kwa sekunde 20, ni mita 200. Velositi ikishuka chini ya sifuri, dereva amegeuza anarudi steji, si kwamba ameshika breki kama alivyoandika mmoja wetu (simtaji, anajijua).