Swichi ya kukatia betri ifungwe upande wa bodi

Ndugu Mhariri,

Masika yakishika na watalii wakipungua, Land Rover na Peugeot nyingi za zamani hapa Arusha na Moshi huegeshwa kwa wiki kadhaa. Wenye magari wengi sasa wanafunga swichi ya kukatia betri, na wanafanya vema. Tatizo ni namna inavyofungwa. Fundi amezoea kuishika kebo ya hasi, anaweka swichi hapo na kazi imeisha. Kwenye Land Cruiser ya miaka ya 1980 atakuwa amepatia. Kwenye Land Rover iliyotengenezwa kabla ya 1967 anaweza kuwa amekosea kabisa, kwa sababu magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo yaliunganisha chanya na bodi, na hasi ndiyo inayopeleka moto kwenye stata.

Kinachotakiwa kukatwa ni upande unaokwenda kwenye bodi au chesisi, uwe hasi au chanya. Swichi ikiwa huko na imezimwa, spana ikiteleza ikagusa chuma hakuna shoti. Ikiwa upande wa pili, unaongeza kebo nene isiyo na fyuzi ndani ya gari linalotikisika, na siku ganda lake likiliwa na ukingo wa bati, waya utawaka kabla hujafungua boneti. Rangi ya waya isiaminiwe, maana gari la miaka 60 limepita kwenye mikono ya mafundi wengi, na mengine yalishageuzwa, hasi ikawa ndiyo ya bodi. Fuata kebo kwa mkono kutoka kwenye betri hadi bolti inapoishia.

Angalia pia kama kebo za upande huo ni mbili, moja ya bodi na nyingine ya injini au giaboksi. Zote zipite kwenye swichi. Ukiacha moja, umefunga pambo. Na waya wa kuunganisha injini na chesisi ukiwa umeoza, umeme wa stata utatafuta njia kwenye kebo ya choki au ya mafuta na kuiunguza.

Kuhusu swichi yenyewe, zile ndogo zenye kitasa cha plastiki cha kijani, zinazobanwa juu ya betri, hatuzishauri. Cheche zake hutokea pale pale betri inapotoa gesi, na kishikio chake hulegea kwenye barabara za vumbi. Isitoshe, nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, hivyo kishikio cha hasi hakikai kwenye gari ambalo chanya ndiyo ya bodi. Tafuta swichi ya bolti mbili, yenye uwezo wa ampea 200 mfululizo na zaidi ya hapo kwa sekunde chache za kupiga stata. Kebo iwe ya shaba ya milimita za mraba 35 kwa injini ya petroli, na 50 kwa dizeli au inapokuwa ndefu. Vichwa vya kebo vibanwe kwa mashine. Vya kugonga kwa nyundo hupata joto.

Kwenye Land Rover fupi usiiweke swichi chini ya kiti cha mbele kulia, maana tangi la petroli liko hapo. Upande wa kushoto unafaa, ukihakikisha hakuna tangi la ziada. Kebo iishie kwenye chesisi ya chuma, si kwenye bodi ya alumini, ambayo huliwa na kutu nyeupe inapokutana na shaba. Kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi. Katika kazi yote, kebo ya upande wa bodi ndiyo ya kwanza kufunguliwa kwenye betri na ya mwisho kurudishwa.

Ukimaliza, zima swichi kisha bonyeza honi na uwashe taa: kusiwe na kitu kinachofanya kazi. Iwashe, weka mita kwenye bolti zake mbili, na mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.2, kuna muungano mbovu. Volti 0.5 kwa ampea 200 ni wati 100 za joto ndani ya swichi.

Wanaoacha redio au king'ora cha wizi kikiwa hai kwa waya mdogo unaoruka swichi, waweke fyuzi hapo, na wajue kwamba kupiga stata swichi ikiwa imezimwa kutaikata fyuzi hiyo. Milliampea 50 tu hunyonya ampea-saa 1.2 kwa siku, yaani nusu ya betri ya ampea-saa 60 katika siku 25.

La hatari zaidi ni kuzima swichi injini ikinguruma. Gari lenye alteneta, mashine inayochaji betri, laweza kuendelea kuwaka, huku volti zikiruka juu na kuua dayodi za alteneta hiyo. Zima injini kwanza.

Tunawaomba wenye maduka ya spea wasiuze swichi isiyoandikwa ampea zake, na mnunuzi asiikubali.

Mafundi umeme wa magari,
Unga Limited, Arusha