Kwa Mwinyi, kuhusu mwalimu wa banjo

Ilala, Dar es Salaam

Ndugu yangu Mwinyi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo imetufungia ndani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Imeniuma uliposema kijana uliyemshika mkono tangu hajui hata kukaza nyuzi za gitaa, leo ndiye anayeitwa kwenye harusi, na wewe umeapa hufundishi tena. Kabla hujafunga mlango, nikusimulie habari za Tony Trischka.

Huyu ni mpiga banjo, mzaliwa wa Syracuse, New York, mwaka 1949. Muziki wake ni blugrasi, muziki wa nyuzi wa Marekani: banjo, fidla, mandolini, gitaa na lile besi kubwa la kusimama. Lakini yeye hakukubali kukaa ndani ya ua mmoja. Albamu yake ya 1993 inaanzia kwenye asili ya banjo, Afrika, inakwenda mpaka kwenye roki.

Wewe mtu wa nyuzi utapenda hii. Banjo yao ina nyuzi tano, wa tano mfupi, unaanzia katikati ya shingo. Mpigaji anavaa kucha za chuma kidole cha shahada na cha kati, ya plastiki kwenye gumba. Mzunguko wao mmoja ni huu: gumba, shahada, kati, gumba, shahada, kati, gumba, kati. Tatu, tatu, mbili. Ujaribu mezani sasa hivi. Mkono wako utasema unaujua siku nyingi.

Basi miaka ya 1970 Trischka alimfundisha kijana wa New York, Béla Fleck. Kijana akavuma kuliko mwalimu. Ndiye yule aliyekuja nchini kwetu mwaka 2005 akapiga na mwanamuziki wetu Anania Ngoliga, na filamu ya safari ile ikapewa jina kutokana na mji wako Bagamoyo: bwaga moyo.

Mwalimu alinuna? Mwaka 2007 alitoa albamu ya banjo mbilimbili, na Fleck yumo. Yumo pia Earl Scruggs, ambaye miaka ya 1940, kwenye bendi ya Bill Monroe, aliupa blugrasi upigaji wa vidole vitatu. Mwaka huohuo chama chao cha kimataifa kilimtaja Trischka kuwa mpiga banjo bora. Na kufundisha hakuacha. Kwenye intaneti mwanafunzi anajirekodi video, yeye anaitazama, anamrudishia ya kwake ya kumsahihisha.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Mwanamuziki John Hartford alikuwa amerekodi kanda za Scruggs akipiga na marafiki majumbani, hakuna jukwaa wala tiketi. Zilipomfikia Trischka alikuwa ameshavuka miaka 70. Akakaa nazo, akaandika mapigo ya Scruggs sauti moja baada ya nyingine, kisha akayapiga kwenye albamu aliyoitoa 2024. Mzee mzima, mwalimu wa walimu, anarudia somo!

Jumamosi ijayo napanda gari la asubuhi, nakuja na nyimbo hizi kwenye flashi. Mwite na yule kijana, aje na gitaa lake. La kwako lishushe ukutani. Nyuzi mpya nimeshakununulia Kariakoo.

Wako,
Hamisi